Gunia la Mama na Springi Fupi

Jumapili, jioni. Mawingu yamekaa juu ya Menengai tangu tutoke kanisani na mvua bado haijaamua. Mikono yangu inanuka grisi hata baada ya kuisugua kwa sabuni ya unga. Nimechoka, nina furaha, na nimelia kidogo. Nianze na kulia.

Jana nilimvunja mama yangu moyo kwa sababu ya springi za gari.

Mnaosoma hapa mnakajua kagari kangu, ile Vitz ya rangi ya chai ya maziwa. Ni kadogo, ni kazee, na ninakapenda kuliko inavyomfaa mwanamke aliyeolewa. Kiprono, mume wangu, husema siku moja atanikuta nimekafunika blanketi. Wacha aseme.

Shida yake ilikuwa kona. Shoki, zile za kuzuia gari kuyumba, zilikuwa zimechoka, na kila nikishuka kutoka kwa Mama huko Mau Narok kuelekea Njoro, gari lilikuwa linalala upande kwenye kona kama mtu anayesinzia katikati ya mahubiri. Mimi nilizoea. Mama hakuzoea. Mara ya mwisho nilipomleta Nakuru kuona daktari wa magoti, alishika mlango kwa mikono miwili njia nzima akisali kwa Kikuyu, nami nikajifanya sisikii. Tangu siku hiyo, kila nikimwomba aje akae nasi hapa Free Area japo wikendi moja, ana sababu. Kuku. Mvua. Kikundi cha akina mama. Hajawahi kuniambia kwamba analiogopa gari langu. Anajua ningeumia.

Kwa hivyo niliamua kulitengeneza. Kwa ajili yake, nilijiambia, na ilikuwa kweli, nusu.

Nusu ile nyingine ni kwamba nimekuwa nikitazama video za watu ambao vigari vyao vidogo hupita kona vikiwa vimenyooka kabisa, nami nikatamani. Nikanunua shoki mpya ngumu, na springi fupi za kulishusha gari karibu na ardhi, maana gari likiwa chini haliyumbi sana. Jumamosi ya wiki iliyopita mimi na Kiprono tukaliinua hapa uani, tukaweka stendi za chuma, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayetaka kuzeeka. Za nyuma zilikuwa rahisi. Za mbele zilitaka kile chombo cha kubana springi, nikakiazima kwa fundi wa mtaani, na kila nilipokikaza nilikaa kando, kwa sababu springi iliyobanwa ikichomoka haichagui uso. Nati moja iliyoliwa na kutu ilitunyima chakula cha mchana. Lakini jioni gari liliposhushwa, nilipima nafasi kati ya tairi na bodi, ikawa vidole viwili tu. Nikalizungusha hadi barabara kuu na kurudi. Halikulala hata kidogo. Nilicheka peke yangu humo ndani.

Jana ndiyo siku niliyolipeleka kwa Mama.

Kona zote za kupanda nilizipita nikiimba. Nilipofika langoni kwetu, pale penye tuta la udongo, tumbo la gari likakwaruza chini kwa sauti ambayo hata kuku waliisikia. Mama alikuwa amesimama pale na leso kiunoni. Akainama, polepole kwa sababu ya magoti, akachungulia chini ya gari, kisha akaniangalia mimi.

"Mami," akasema, "kwani hii gari umetengeneza ya kuenda wapi?"

Ananiita Mami kwa sababu nina jina la mama yake. Nikacheka, nikamwambia ni ya kona.

Tukanywa chai, kisha nikamwomba apande. Nilimzungusha hadi sokoni na kurudi, na hakushika mlango. Mikono yake ilikaa mapajani imetulia, akawa ananionyesha nyumba za watu na kunisimulia nani ameoa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile nikiwa nyuma ya usukani.

Tuliporudi, wakati wangu wa kuondoka ukafika, na nikaliona gunia.

Lilikuwa kando ya mlango wa jikoni, limejaa viazi hadi shingoni, halafu likaongezwa kilemba cha nyasi na kamba. Mnielewe kuhusu hilo gunia. Shamba letu kubwa Mama amelikodisha mwaka huu, magoti yamekataa. Alichobakisha ni kipande nyuma ya jikoni, na hicho amekilima mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, akikisogeza kigoda kutoka shina hadi shina. Alinihadithia huku akijicheka. Kwetu mtoto haondoki nyumbani mikono mitupu, hata awe na mshahara wa namna gani. Nilisomeshwa kwa viazi, na siku ya kuolewa nilisindikizwa na viazi. Hilo gunia ndilo Mama alilobaki nalo la kunipa, na sasa analitoa akiwa ameketi.

Jirani alinisaidia kuliingiza kwenye buti. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Vile vidole viwili vikapotea kabisa. Nikaliwasha, nikasogea kidogo, na tairi la nyuma likaanza kusaga bodi kwa ndani, harufu ya mpira ikapanda. Tukalihamisha gunia hadi kiti cha nyuma. Ikawa vilevile. Kushuka Mau namna hiyo ni kwenda kupasua tairi njiani.

Nilizima gari, nikashuka. Mama ndiye aliyesema.

"Toa tu. Nyinyi watu wa town siku hizi mnakula mchele."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekasirika.

Gunia likarudishwa kando ya mlango. Nilipokuwa naondoka akaja na mfuko mdogo, akauweka kwenye kiti cha mbele. Viazi vichache, vile vikubwa, amevifuta udongo kwa leso yake.

"Hizi waru hazina uzito," akasema.

Kona za kushuka sizikumbuki. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini wangu alizaliwa palepale langoni.

Kiprono alinikuta mezani nautazama huo mfuko, nikamweleza yote. Mume wangu ni mtu wa mzaha, lakini jana hakuutoa.

"Uliipima ikiwa empty," akasema. "Kwani hii gari imewahi kutoka kwa mathe ikiwa empty?"

Haijawahi. Nilipima springi, nikapima tairi, nikapima hadi upepo wa tairi, nikasahau mzigo ambao gari hili limeubeba tangu siku nilipolinunua. Nililitengeneza kwa ajili ya Mama kisha nikamwacha Mama nje ya hesabu.

Basi leo baada ya kanisa tumeliinua tena. Springi fupi nimezitoa, nimerudisha zile za zamani, nashukuru sikuwa nimezipa mtu wa vyuma vikuukuu. Shoki mpya nimeziacha, maana hizo ndizo zinazozuia kuyumba. Kulishusha chini kulikuwa madoido yangu tu. Kisha nikaenda kwa mama mboga wa hapa langoni kuazima gunia la viazi. Akaniuliza nina sherehe gani. Nikamwambia sina, napima gari. Akanipa, akasema kikipungua hata kimoja atajua.

Gunia likaingia kwenye buti, Kiprono akakaa mbele mahali pa Mama. Nilimwomba ashike mlango na kusali, akasema yeye ataombea petroli. Tukaenda hadi barabara kuu, tukapita kila tuta na kila kona niliyoweza kuipata. Gari sasa linainama kidogo, siwezi kudanganya. Lakini linainama na kuinuka mara moja, halisinzii, na tairi halikugusa kitu.

Nimetoka kumpigia Mama sasa hivi. Nilitaka kusema pole. Nikasema tu kwamba gari liko sawa, gunia asimpe mtu, Jumamosi nalifuata, na siku hiyo sitaki gunia peke yake, nataka aje nalo akae nasi.

Nilisikia kuku wake wakiingia kulala.

"Na sasa umeitengeneza ya kuenda wapi?" akauliza.

"Ya kuja huko, Mum. Na ya kurudi na wewe."

Hapo ndipo nilipolia.

"Haya basi," akasema. "Wacha niongeze na kabichi."

Kabichi sikuwa nimezipimia.