Bibi, Wamekuita Ofisini

Bibi, mke wangu,

Barua zote ulizoniandikisha zilianza hivi: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Leo siwezi kuanza hivyo. Huko uliko huna mashaka tena. Hofu yote umeniachia mimi, pamoja na lile jembe lako la mpini mfupi.

Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata. Ni asubuhi, jua bado changa, lakini shati limeshaniganda mgongoni. Ndani wanamsubiri Kalunde binti Mashaka. Ndiyo, wewe. Usicheke, ngoja nikueleze.

Tangu tukuzike, mvua zimekwisha, mahindi yamevunwa, na seng'enge ya yule bwana wa mjini bado imeizunguka chemchemi yetu. Kaongeza na nguzo. Wanawake wanachota kule mtoni kwenye matope, wanarudi jua la utosini. Mtoto wa mama Zebedayo aliharisha mpaka tukaogopa kumtazama.

Na kikao chako nikakiua mimi. Afadhali ulisikie kwangu. Wewe ulikuwa ukisema, "Kikao bila jembe ni matanga." Kila Jumamosi tuanze na shamba la mtu, tupalilie mpaka mgongo ulie, ndipo tukae chini tuongee habari ya maji. Mimi mjukuu wako nikakubishia sana. Nikasema enzi hizi ni za vyama vingi, watu wanataka mabenchi na ajenda. Ulipoondoka nikaazima mabenchi ya kanisa, nikaandika ajenda ubaoni, tena kwa ule mwandiko wangu wa kulala ambao hata mwalimu aliuonea wivu. Jumamosi ya kwanza walijaa. Ya pili wakaja nusu. Ya nne tulikuwa mimi, mzee Lameki na mbuzi wake, na aliyekaa mpaka mwisho ni mbuzi.

Nikarudisha mabenchi. Nikachukua jembe lako, nikaenda kwa Lameki mwenyewe, maana ulitufundisha kuanza na shamba la mwoga kuliko wote, na Lameki akisikia gari tu anajifungia ndani. "Mtu uliyempalilia hawezi kukukana kesho," ulikuwa ukisema. Siku hiyo tulikuwa watatu. Jumamosi iliyofuata kumi. Mpaka mahindi yanakomaa, watu wanagombana shamba la nani lifuate. Sijamwambia mtu kwamba ulikuwa sahihi. Nakwambia wewe tu, na wewe huwezi kunitangaza.

Basi tukaandika karatasi ya kuomba chemchemi ifunguliwe. Niliandika mimi, nani mwingine? Darasa la sita nililoachia njiani linatosha kuandika "Mheshimiwa" bila kupumzika. Tatizo likawa namba moja, nani atangulie kuweka dole. Unakumbuka ulikuwa unajipaka wino wa bic kwenye dole gumba, unabonyeza kama unaua chawa, wengine wanafuata. Safari hii wakasukumana. "Wewe mkubwa, anza." "Aa, mie macho mabovu." Wote walikuwa wanamfikiria fundi baiskeli, yule aliyeuliza habari ya seng'enge mbele ya mkutano, akapakiwa kwenye Landrova, akarudi siku ya nne. Mpaka leo anaongea habari za matairi tu.

Ndipo mama Zebedayo akasema, "Muwekeni Bibi Kalunde namba moja. Nani atamkamata marehemu?"

Tulicheka, Bibi! Mimi nilicheka kuliko wote. Nikaandika jina lako vizuri kabisa, na pembeni yake nikabonyeza dole gumba langu. Kila mtu akafuata. Waliponiuliza, "Na wewe Maganga, jina lako liko wapi?" nikawajibu, "Mwandishi hasaini, hiyo ndiyo sheria." Wakaamini. Hakuna sheria kama hiyo. Niliogopa.

Juzi akaja tarishi na baiskeli. Kalunde binti Mashaka, mwenye namba moja, afike Ijumaa saa tatu asubuhi bila kukosa.

Tulikaa kwenye uwanja wako, hakuna aliyecheka. Asipokwenda mtu, watasema ni karatasi ya mizimu. Akienda mtu akasema tu kwamba umefariki, wataichana mbele yake, na chemchemi ndiyo imekwenda. Mimi mdomo huu huu, unaujua, ukafunguka wenyewe: "Niachieni mimi. Dume zima, nakwenda peke yangu, na wataniletea chai." Nikaenda nyuma ya ghala lako nikajificha mpaka wote walipokwenda zao.

Sasa niko hapa. Mgambo wa mlangoni anachokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti. Kaniuliza, "Wewe ndiye Kalunde?" Nikamwambia, "Kwani nimevaa kanga?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia toka miguuni mpaka kichwani. "Utaulizwa vizuri ndani," kasema. Watasema mimi mpinzani. Watasema nimeghushi. Na kweli nimeghushi, Bibi, dole lipo. Mara tatu nimehesabu hatua toka benchi hili mpaka kwenye baiskeli. Nikikanyaga sana naifikia stesheni Mpanda mjini, napanda treni ya Tabora, na jina langu halipo popote kwenye ile karatasi.

Lakini nakumbuka ile siku ulinituma chemchemini, mimi mdogo, nikakataa kwa sababu niliambiwa kuna chatu. Ulichukua ndoo, ukatangulia, unaigonga kwa kijiti njia nzima. "Mume gani huyu," ukasema, "mke anatangulia, yeye kajificha nyuma ya kanga?" Ukawahadithia watu wote. Mpaka nimeota ndevu unahadithia.

Ngoja, Bibi. Kuna watu wanakuja.

Ni wao. Mama Zebedayo yuko mbele. Wana majembe begani. Hawanisalimii hata kidogo, wanapita kama hawanijui, wanaingia kwenye nyasi za uwanja wa ofisi. Wanalima! Mgambo ametupa kijiti, anauliza nani amewatuma. Mama Zebedayo hajainua hata kichwa: "Nyasi zimetutuma. Au ofisi siyo yetu nyie?" Amebaki anazunguka. Mtu anayelima utamfukuza kwa kosa gani?

Nimewahesabu, ni tisa. Katika kijiji kizima, tisa tu. Lameki yumo, amemwacha mbuzi nyumbani.

Wameita jina lako.

Wameita tena. Naandika haraka. Karatasi hii nampa Lameki, ataiweka juu ya kaburi lako chini ya lile jiwe jeupe. Nakwenda kuwaambia Kalunde amefariki, lakini dole lile ni la Maganga, na huyu hapa Maganga, na hao wanaolima nje wote ni namba moja. Wakiniuliza mimi ni nani yako nitawaambia mume, wacheke wenyewe. Wakiniachia, Jumamosi tunalima kwa fundi baiskeli, nakuahidi, hata kama ataongea matairi mpaka jioni. Wasiponiachia, mama Zebedayo anajua shamba linalofuata.

Ninaogopa sana, Bibi. Lala salama. Leo natangulia mimi.

Mumeo,
Maganga

(Hapo pembeni ni dole langu. Safari hii na jina lipo.)