Jiwe Alilokataa Mume Wangu Kulichonga

Nyumbani kwetu wawili,
Nyuma ya karakana ya mawe,
9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko ugenini? Goti limepoa? Sisi wazima, na mimi zaidi ya mzima: leo ni siku ya arobaini na moja tangu niolewe, na nikisikia nyundo ya mume wangu karakanani, moyo bado unadunda pamoja nayo. Mashuka uliyotuma ndiyo tunayolalia.

Sasa niruhusu nikasirike, maana yamenifika kooni.

Parokia yetu inatimiza miaka hamsini. Katibu wa parokia ameandika historia yake na Jumapili akaisoma baada ya misa. Inaanza siku alipofika padre wa kwanza wa kukaa hapa. Kabla ya hapo, eti, "palikuwa pori tupu."

Pori, Shangazi! Na miaka kumi na mmoja ambayo watu walisali katika chumba cha Bibi cha kushonea? Si pale padre wa mbali alipokuwa akipita mara mbili kwa mwaka, akisomea misa juu ya meza ya kukatia nguo? Na Bibi akifundisha katekisimu huku mguu ukikanyaga cherehani?

Bibi alikuwa amekaa benchi la mbele. Tulipofika nyumbani akavua kitambaa, akasema, "Kumbe mimi ni pori. Basi nipalilieni." Tulicheka, kisha nikajifungia chumbani nikalia.

Juzi katibu akamletea mume wangu maneno hayohayo, ayachonge kwenye jiwe la ukuta wa kanisa. Ungemwona mpenzi wangu, vumbi jeupe hadi kwenye kope! Aliweka patasi chini.

"Pori halina cherehani," akamwambia.

"Wewe chonga, fundi. Historia tuachie wenyewe."

"Na wenyewe ni nani, kama si bibi yetu?"

Bibi yetu! Nilitamani nifunge naye ndoa upya palepale.

Tulikwenda kwa paroko. Si mtu mbaya, ila ni mgeni hapa. Anasema vitabu vyake vinaanzia kwa padre yule wa kwanza, hivyo tulete maandishi. Jiwe litasubiri hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo atapewa fundi mwingine, na pori litabaki ukutani milele.

Shangazi, lile daftari la Bibi lenye jalada la kitambaa cha mapazia unalo wewe. Humo aliandika kila aliyemfundisha na kila mtoto mahututi aliyembatiza yeye mwenyewe wakati padre yuko mbali. Nakuomba ulitume haraka, kwa mkono wa mtu unayemwamini.

Jana nilimuuliza Bibi kama hamchukii katibu. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, hakuinua hata macho.

"Nimchukieje? Mama yake alinigongea alfajiri, mtoto hapumui vizuri. Nikambatiza kwa kikombe cha chai. Yumo, ukurasa wa nne."

Basi weka alama ukurasa huo. Nataka katibu ausome mwenyewe, kwa sauti ileile, kwenye kipaza sauti kilekile.

Wabusu mapacha wako. Baba anasema goti ulikande kwa maji ya moto, usijifanye kijana. Bibi anakuombea kila jioni. Mungu amsikie, maana amemtumikia muda mrefu.

Ni mimi nikupendaye sana, binti wa kaka yako,
sasa mke wa mchongaji (kalamu yenyewe inacheka nikiandika hivyo!)