Mkwe Mtarajiwa Amevulia Chambo Changu cha Kale

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba yangu haijavunjika. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakusanya vyambo vya kale, vile visamaki vya mti vyenye ndoana, na niruhusu nieleze kidogo maana wengi hudhani ni vidude vya kuchezea: cha zamani kweli hujulikana kwa jicho, ambalo ni la kioo wala si la kuchorwa, na kwa rangi yenye nyufa nyembamba kama za ganda la yai, nami ninacho kimoja cha kijani ambacho wakusanyaji wenzangu wamekibishania miaka, wengine wakisema ni halisi, wengine cha kuigiza, sasa mchumba wa binti yangu, fundi wa friji, alipokuja kujitambulisha nikamwonyesha, akauliza, "Baba, hiki kinakamata kweli?" nami kwa kujidai nikamjibu, "Hicho? Kitie majini uone!" basi kesho yake akakiomba kwa mke wangu, akaenda nacho ziwani, akarudi na samaki mkubwa, tukala, nikasifu mpaka nikalamba vidole, ndipo akatoa chambo changu mfukoni kina alama za meno na rangi imebanduka ubavuni! Nikasema hakuna harusi. Binti yangu amehamia kwa shangazi yake, na mke wangu ananiambia, "Kichwa cha samaki umekila wewe." Nifanyeje? Na je, rangi ile yaweza kurudishwa?

Mwalimu mstaafu

JIBU

Pole, mwalimu. Nimesoma barua yako mara mbili nikimtafuta binti yako. Jicho la chambo nimelielewa, nyufa nimezielewa. Yeye sijui hata kazi anayofanya.

Kijana aliuliza, ukamjibu, akatii. Mkwe wa namna hiyo ni adimu kuliko chambo chochote kabatini mwako. Kosa lake ni kudhani unamaanisha unachosema. Chambo chenyewe wenzako wamekikodolea macho miaka yote wasikubaliane. Samaki hakutaka maelezo.

Rangi usiiguse. Ukikipaka umekiua, na hilo unalijua kuliko mimi.

Leo hii nenda kwa huyo shangazi. Mwambie binti yako, "Nimekosa, mwanangu, harusi ipo," kisha unyamaze, ingawa najua kwako hiyo ndiyo kazi ngumu. Halafu mwombe fundi akupeleke ziwani, maana barua yako ndefu haisemi popote kama umewahi kuvua. Bebeni chambo cha plastiki cha dukani. Cha kijani kirudishe kabatini na meno yake, na mgeni akiuliza, mweleze aliyekivulia ni nani.

Na mkipata samaki, kichwa mpe yeye.