Mahindi Juu ya Mahindi

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, na yule mbuzi mkorofi kazaa mapacha wenye ukorofi wake. Lundo la mboji nimeligeuza mara tatu. Nikichomeka fimbo katikati na kuichomoa, inaunguza kiganja, kama Baba alivyotufundisha.

Unaukumbuka wimbo wake: mwaka huu mahindi, mwakani maharage, kisha mtama, maana ardhi nayo huchoka kulishwa kitu kimoja. Msimu huu shamba la chini lilikuwa zamu ya maharage. Siku moja nimerudi kutoka kusaga unga, nikakuta Baba keshalipanda lote peke yake. Kapanda mahindi pale pale tulipovuna mahindi, na juu yake kamwaga samadi mbichi. Baba huyu huyu, Kaka, aliyekuwa akitutandika tukigusa samadi kabla haijaoza.

Wiki iliyopita miche ikatoka, ncha zimeungua kama zilizomwagiwa maji ya moto. Baba akasimama ukingoni, akafoka.

"Mjinga gani kapanda mahindi juu ya mahindi?"

Nikasema ni mimi.

Akanitazama kwa huzuni, si kwa hasira tena.

"Kaka yako asingefanya hivi," akasema.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi anashuka shambani, anarudi na swali lile lile. Nami jibu langu halijabadilika.

Ni mimi,
mdogo wako.