Madirisha Mawili ya Mzee Mwepu

Siku ya Mungu, Jumapili, karibu na mangaribi. Mvua imenyesha mchana wote na moshi wa usine, kiwanda chetu, umeshuka mpaka kwenye paa, koo linawasha. Kichwa nacho hakina nafuu. Nimetoka kwenye kilio cha Mzee Mwepu, na bado nimevaa suruali yake.

Hakuna atakayesoma hapa, lakini naeleza tu, labda nitaelewa mwenyewe. Kwetu marehemu haachiwi aende bila kuchekwa. Kazi hiyo ni ya bizukulu, yaani sisi wa ukoo unaotaniana na ukoo wake. Tunavaa nguo zake, tunatembea kama yeye, tunayatoa mabaya yake mbele ya watu, na wenye kilio hawana ruhusa ya kukasirika. Safari hii wamenichagua mimi, kwa sababu ya mdomo wangu, wanasema. Asante sana.

Kumuiga mlevi ni rahisi. Kumuiga bahili ni raha tupu. Lakini Mzee Mwepu?

Huyu ndiye aliyewatoa baba zetu dirishani. Zamani za Wabeleji, duka la kambi ya wafanyakazi lilikuwa na mlango wa wazungu. Weusi walinunulia kwenye dirisha la upande, jua au mvua, mkono ndani na mwili nje. Siku moja Mzee Mwepu, wakati huo kijana wa kwenye tanuru, aliingia kwa mlango. Akasimama mbele ya meza ya muuzaji akiomba sabuni, na hakuna aliyemuuzia. Alfajiri iliyofuata askari wakamfuata nyumbani, wakampeleka uhamishoni Mitwaba. Wenzake wakakataa kununua pale, baba yangu akiwa mmoja wao, mpaka mlango ukafunguliwa kwa wote. Mimi sijawahi kununulia kitu dirishani maisha yangu yote, na hilo nimelipata kwake bure.

Sasa upande wa pili, ambao sijui niuweke wapi.

Mama Ngoie, mke wake, ni jirani yetu. Nilipokuwa msichana nilikuwa namsaidia kupika siku za wageni. Na wageni hawakukosekana, kila mtu alitaka kusikia habari za ule mlango. Siku moja Mama aliingia salon, walipokaa wageni, na sahani ya ugali wa bukari, akaiweka mezani, akakaa kidogo pembeni ya fotei, kile kiti kikubwa cha Mzee, naye asikilize. Mzee akampiga kofi mbele ya watu. Mimi nilikuwa nyuma yake na bakuli la mboga ya sombe. Wageni waliendelea kula.

Juma lililofuata Mzee alileta fundi, akatoboa dirisha dogo kwenye ukuta kati ya jikoni na salon. Tangu hapo chakula kilipita kwenye lile dirisha. Mikono ya Mama iliingia salon. Mama mwenyewe, hapana.

Hakuona?

Hilo ndilo linanichosha. Mtu aliyelijua dirisha kuliko sisi wote, aliwezaje kutoboa lingine nyumbani kwake? Nikisema alikuwa mnafiki, nakumbuka Mitwaba na namwonea haya. Nikisema alikuwa shujaa, nakumbuka lile kofi.

Jana asubuhi Tata Kabwe, mwenzake wa tangu ujana, alikuja kwangu. "Muzukulu, usituharibishie muntu wetu," akaniambia. "Kuimba, tunaimbiaga mwengine kila siku. Huyu njo alikuwa wa kwetu." Nilimwelewa kabisa. Kazini kila asubuhi tunacheza na kuimba sifa za chama na mkubwa wake kabla ya kushika kazi. Mzee Mwepu ni yeye peke yake ambaye hakuna aliyetuamuru kumpenda. Lakini Tata Kabwe alikuwepo siku ya kofi, tena ni yeye aliyeomba aongezewe sombe.

Mchana Mama Ngoie akaniita jikoni. Alikuwa amekaa chini, nywele zimefumuliwa. "Kesho uonyeshe na dirisha yangu," akasema. Nikamuuliza kama ana hakika. Akanitazama mpaka nikaona haya kwa kuuliza.

Nilidhani nikishavaa kofia yake nitajua la kufanya. Wapi!

Basi leo nimetembea kwa kuburuta mguu, kama alivyorudi kutoka Mitwaba. Wakacheka. Nikaingia kwa mlango wa mbele, nikaomba sabuni kwa sauti yake, wazee wakapiga makofi. Pale sikukaa. Nilijua kinachofuata, na niliogopa nikisimama sana nitakosa nguvu. Nikaenda nikakaa kwenye fotei yake, nikaligeukia lile dirisha, nikanyoosha mikono.

"Chakula!"

Upande wa jikoni wanawake wakaanza kucheka, kicheko kibaya, mmoja akalia kabisa. Tata Kabwe akasimama, akatoka nje kwenye mvua bila kofia. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja. Dirishani hakikutokea kitu.

Wakati wa kuaga nikaenda kwa Mama Ngoie. Nilitazamia shukrani, nakiri. Akashika mkono wa abakosti, koti la mume wake, mimi nikiwa ndani yake, hakuuachia.

"Ulifanya muzuri," akasema. "Lakini kule pa duka ulipita mbio. Ule muntu alisimama pale tangu asubui mpaka jua inaingia, miguu ikamuvimba. Ungemusimamisha hata kidogo."

Nimerudi nyumbani na maneno hayo, na sijavua hata viatu. Nilidhani nimechagua upande wake. Kumbe hakuniomba nichague, ni mimi na Tata Kabwe tuliokuwa tunamgombania Mzee.

Halafu hiyo miguu. Habari za mlango nimezisikia tangu utoto, na hakuna aliyewahi kunisimulia kwamba miguu ilivimba, si baba, si Tata Kabwe, si Mzee mwenyewe. Nani aliikanda jioni ile, kama si Mama Ngoie?

Kesho narudisha suruali. Nitamwomba Mama Ngoie anisimulie siku ile yeye mwenyewe, salon, akiwa amekaa kwenye fotei.

Kama atakubali kukaa.