Mstari Uliokatika kwenye Mkeka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute magoti yamepungua kuuma na mvua imeshafika Makuyuni, maana mdogo wangu Hamisi aliniambia mahindi yameanza kujikunja. Mimi huku Nairobi mwili ni mzima. Hamisi akusomee taratibu, na ukitaka arudie asinune.

Juzi ulinipigia simu kutoka sokoni Handeni ukasema umenunua kitenge na umeutambua mkono wangu. Ulikuwa unacheka. Nikakujibu, "Ndiyo, Mama, ni changu." Nilikudanganya. Kitenge kile sikukichora mimi.

Unaukumbuka mkeka tuliolalia utotoni, wenye mstari mwekundu uliokatika katikati ukaendelea pembeni? Ulikuwa unausuka siku walipokuja kukuambia Baba ameanguka kwenye shamba la mkonge na hakuamka. Uliendelea kusuka, mikono ikakosea, na hukufumua. Sasa, mwaka wangu wa pili hapa kiwanda cha vitenge nilikaa wiki nzima sina cha kuchora. Asubuhi moja nafua, sina ninachowaza zaidi ya sabuni, nikauona mstari kichwani. Niliacha nguo majini nikaenda kuuchora. Nilidhani nimeutunga. Ilipita miezi ndipo nikajua nimeutoa wapi, nikakaa chini nikalia.

Kitambaa chenye mstari huo kilipendwa sana. Mwaka huu meneja ameleta akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayochora yenyewe ukiiandikia unachotaka. Wameilisha michoro yangu yote. Sasa inatoa michoro mia kabla sijamaliza chai, na ule mstari umo karibu kila mahali, katikati ya maua, hata kwenye sare za harusi. Ulichonunua ni kimojawapo. Mimi nilibaki kuchagua mchoro upi uchapwe.

Nilimfuata meneja nikamwambia mstari ule ni msiba wa mama yangu, si wa kuwekwa ovyo. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Mama yako ulimwomba ruhusa?"

Nikasema sikujua kama nimeuchukua kwake.

"Basi na mashine haijui," akasema. "Tofauti yenu ni nini?"

Nilirudi mezani na hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe. Jibu lilinijia siku nyingi baadaye, wakati wa kulitoa umeshapita. Mimi nilipojua, nililia. Mashine ile haitafika siku ya kujua. Itauchora mstari wako mpaka watu wauchoke, vitenge viwe matambara ya kupigia deki, na hakuna kitakachoiuma.

Kibaya zaidi, nimekauka. Nafua, natembea, nalala, hakiji kitu. Nikishika penseli nafikiria kwamba nitakachopata nacho watailisha, mkono unagoma.

Wiki iliyopita niliomba kuhamishwa. Niko stoo, nafunga majora ya vitambaa kwa nailoni. Meneja alisema napoteza kipaji. Nikamwambia hakijapotea, kimo kwenye kompyuta yake. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Nisalimie shangazi wa Kwashemshi, mwambie nimepata salamu zake. Msalimie mjomba wa Handeni na mifugo yake, na mke wa Hamisi, ambaye nasikia karibu atajifungua.

Mama, sikukuomba ruhusa wakati ule, nakuomba radhi sasa. Kitenge sijui nikuambie ukishone au ukiache. Ila kuna jambo linaninyima raha tangu ulipokata simu: labda uliutambua mstari wako palepale sokoni, ukanionea huruma, ukacheka. Kama ndivyo, usimwambie Hamisi aandike. Nipigie uniambie mwenyewe.

Ni mimi mwanao, niliyechukua bila kujua,
Mwanaidi