Zamu Yako Gesima

Kemunto wangu,

Nimegombana na Ogeto. Tumegombana vibaya, mbele ya Bosibori na mbele ya picha uliyokuwa ukiitengeneza, hadi wanawake waliokuwa wakichuma chai shamba la chini wakasimama na vikapu mgongoni kutusikiliza. Wewe ulizoea kusema mimi na Ogeto ni sufuria na kifuniko, kelele tu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tulikuwa tumerudi Gesima, nyumbani kwa shangazi wa Bosibori, kama kila Agosti. Vitu vilikuwa vilevile: Ogeto na gunia lake la vumbi la mawe anayochonga, Bosibori na magazeti yake na rangi, mimi na vipande vya vitambaa kutoka pale ninaposhona, Kisii mjini. Maganda makavu ya migomba tuliyakuta huko. Hakuna aliyetaka kulala kitanda chako cha dirishani, basi tukakirundikia vitambaa.

Ilikuwa zamu yako, na ndiyo iliyotuleta. Ni wewe uliyetupa jina la egesangio, kama akina mama wanaolimiana mashamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kila mwaka picha aliyoitengeneza mmoja wetu inalazwa mezani, wengine wanabandika, wanakwangua, wanapaka, na mwenyewe anyamaze. Mlipoigeuza yangu juu chini nilinuna siku nzima. Ukaniletea ndizi ya kuchoma, ukasema, "Shamba ni lako, lakini jembe si lako leo." Mwaka huu tungekufanyia wewe. Ukafa mwezi wa sita kwa homa ya mapafu, kabla hatujaamini hata kwamba unaumwa.

Siku ya mazishi tuliifunga picha yako, ile ya mama yako, kwa nailoni, sote watatu, isiingie vumbi. Wajinga sisi! Ulikuwa umebandika kila kitu kwa uji wa wimbi, maana gundi ya dukani ulisema inanuka hospitali. Uji ndani ya nailoni, na baridi hii yetu. Tulipoifungua, kuvu ya kijani ilikuwa imepanda kutoka chini, imekula sketi ya mama yako, imekula kikapu chake cha chai, imefika kwenye mikono. Uso ulikuwa bado hujauweka. Kile kipande cha leso yake ya zamani, uliyoiiba kwenye kamba ya nguo, kilinidondokea kiganjani.

Nikasema hakuna atakayeigusa. Nikasimama mbele ya meza. Alama za vidole vyako zilionekana kwenye uji uliokauka, Kemunto, zote, mpaka ile ya kidole gumba chenye kovu, na Ogeto alikuwa ameshika kisu.

Akaniambia, "Nyaboke, hii kitu inaoza. Tukingoja kesho hatutakuwa na picha, tutakuwa na uji." Nikamwambia iache ioze, mkono wa mwisho uwe wako. Akasema, "Kwani ni wewe pekee ulifiwa?" Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Bosibori akaketi sakafuni akaziba masikio.

Na muda ulikuwa unatuishia. Ilikuwa Ijumaa, na mama yako alikuwa njiani kutoka Nyacheki kuja kuichukua. Alitaka kurudi jua halijazama, Sabato isimkute barabarani. Hakuwa ameiona hata siku moja. Alijua tu kwamba mwanawe alikuwa akimtengeneza.

Alitukuta hivyohivyo, mimi nimetanua mikono kama golikipa, Ogeto na kisu chake. Hakutusalimia. Aliinama juu ya picha akanusa. "Hii ni wimbi yangu," akasema. "Kumbe ndiyo ilikuwa inaisha haraka." Akacheka, halafu kicheko kikamkatika, akashika ukingo wa meza. Nilidhani ataanguka. Alipoinuka akauliza, "Na uso yangu iko wapi?"

Akavuta kiti dirishani, akaweka mkoba chini, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akatutazama. "Haya. Jua haitangoja."

Ogeto alinipa kisu. Nilikwangua mimi. Alama zako zilitoka pamoja na kuvu, zikawa unga kwenye gazeti, na nililia huku nakwangua, maana niliona nakuzika tena na safari hii mchanga nautia peke yangu. Kisha Ogeto akashona maganda ya migomba kuwa kikapu kipya, Bosibori akapaka, na mimi nikauanza uso kwa vitambaa. Mama yako hakutikisika. Mara mbili nilibandua nikaanza upya, jua likishuka juu ya majani ya chai, na hakuna aliyesema harakisha.

Gundi ilikuwa bado mbichi mama yako aliposimama mbele ya picha. Aliitazama sana. "Mmenizeesha," akasema. Bosibori akataka kuomba msamaha, naye akamkatiza kwa mkono. "Si makosa. Ni hivyo niko sasa."

Hapo nilielewa, na ilinichoma. Wewe ungemtengeneza yule uliyemjua. Sisi tulimtengeneza aliyekuzika. Alipanda gari ameishika kwa kingo, magotini, isiguse kitu.

Ogeto bado hajanipigia simu. Nitampigia mimi, usijali.

Sasa pumzika, rafiki yangu. Nenda polepole kama ulivyopenda kutembea. Nakuahidi kitu kimoja: nitakuwa naingia Nyacheki kumtazama mama yako. Uso ule utaendelea kubadilika na hutakuwepo kuuona, basi nitauona kwa niaba yako, kila mkunjo.

Wako,
Nyaboke